Kabla hujanunua ruta yenye antena sita, pima kwanza

UKIPITA mpakani Manyovu na Mugina siku hizi, utaviona vikitoka upande wa Kigoma katikati ya vitenge, sabuni na ndoo za plastiki: visanduku vyembamba vilivyochorwa nyumba ya ghorofa, familia inayocheka, na mawimbi ya bluu yanayotoka dirishani hadi bustanini. Ni ruta, mashine za kugawa intaneti nyumbani bila waya. Nyingi zimeandikwa kwamba ni za masafa marefu. Baadhi zimechorwa na padi ya kuchezea gemu, na hizo ndizo zenye bei kubwa.

Mama mmoja wa Nyanza-Lac, ambaye zamani alikuwa akivusha mawese tu, aliniambia kwamba wateja wake hawaulizi tena simu ina kamera ngapi. "Mwalimu, sasa wanauliza ruta ina antena ngapi. Ya mbili hawaitaki hata bure." Yeye hununua anachoulizwa, kwa mtaji wa mkopo wa kikundi. Ruta isipomridhisha mteja hurudishwa dukani kwake, wala si kwa muuzaji wa Kigoma.

Kwa hiyo makala haya yana wasomaji wawili. Wa kwanza ni mzazi ambaye kijana wake analalamika kila jioni kwamba gemu inakwama. Wa pili ni huyo mama wa Nyanza-Lac na wenzake.

Mimi mwenyewe ni mmoja wa waliorudi. Nilizaliwa Katumba, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1973 karibu na Mpanda kwa ajili ya wakimbizi wa mwaka 1972, na huko ndiko nilikosoma, darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Tulipopewa nafasi ya kuchagua, mimi na mama tulirudi Burundi mwaka 2009. Kaka yangu alibaki, akachukua uraia wa Tanzania. Wanawe wawili na wanangu wawili wamelala nyumba moja mara mbili tu maishani mwao. Lakini kila Jumamosi jioni wanakutana kwenye gemu ya mpira wa miguu, vipaza sauti masikioni, wakitaniana kwa Kiswahili, wa kwangu wakisikiliza habari za Katumba na wa kaka wakiulizia ziwa la Rumonge. Mama yangu huvuta kiti mlangoni awasikilize wajukuu wake wa upande wa pili. Gemu ikikwama, sauti nazo hukatika, naye huuliza nani amemkasirisha nani.

Chumba cha vijana kiko uani, hatua kama thelathini kutoka sebuleni ambako intaneti inaingilia. Katikati kuna kuta mbili za matofali ya kuchoma na jiko lenye paa la bati. Shemeji yangu, ambaye huenda Kigoma kila baada ya wiki mbili, alijitolea kuniletea ruta ya antena sita "itakayofika hadi barabarani". Nilimwomba asubiri wiki moja, nipime.

Ndugu msomaji, jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mpira unaoupiga kwenye gemu husafiri safari mbili. Safari ya kwanza ni fupi: kutoka padi na mashine ya gemu hadi kwenye ruta ndani ya nyumba. Ya pili ni ndefu: kutoka ruta hadi kwenye kompyuta inayoendesha mchezo, yaani seva, au hadi kwenye mashine ya mwenzako. Ruta ya masafa marefu, hata iwe nzuri namna gani, hutibu safari ya kwanza peke yake. Muuzaji hatakuambia hivyo, na kwenye kisanduku hakuna mahali palipoandikwa.

Kupima ni kazi ya dakika kumi, na haihitaji fundi. Vijana wana neno "pingi", yaani muda ambao ujumbe mdogo unachukua kwenda na kurudi, unaohesabiwa kwa milisekunde, na milisekunde 1,000 ni sekunde moja. Kuna programu za bure za simu za kupima pingi. Kwanza pima kutoka kwenye simu hadi kwenye ruta yako yenyewe. Anwani yake mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na kwa kawaida imebandikwa chini ya kisanduku. Kisha pima hadi anwani yoyote ya nje. Fanya hivyo ukiwa umekaa karibu na ruta, halafu ukiwa mahali kijana anapochezea.

Hadi kwenye ruta, pingi inatakiwa iwe milisekunde chache tu na itulie. Ikirukaruka, mara 4, mara 180, mara haijibu kabisa, basi ugonjwa uko ndani ya nyumba na ruta nyingine au mpango mwingine unaweza kusaidia. Ikiwa imetulia hadi kwenye ruta, lakini ya nje ndiyo inayorukaruka, basi hata ukifunga antena ishirini utakuwa umepamba ukuta.

Kwangu nilikuta magonjwa yote mawili. Chumbani kwa vijana pingi ya hadi kwenye ruta iliruka ovyo. Lakini hata nilipoihamisha mashine ya gemu sebuleni na kuiunganisha na ruta kwa waya, gemu ilikwama kila mke wangu alipokuwa akimtumia dada yake video. Kama shemeji angeleta ile ruta ya antena sita siku ile ile, ningelipa fedha nyingi kuponya ugonjwa mmoja, na vijana wangeendelea kulalamika.

Tuanze na ule wa ndani ya nyumba. Wengi wetu tuliosoma Katumba tunakumbuka madarasa ya watoto wengi. Mwalimu mwenye sauti kubwa husikika hadi dawati la mwisho. Lakini mtoto wa dawati la mwisho akijibu kwa kasauti kake, mwalimu hasikii. Ruta ya masafa marefu ni huyo mwalimu. Simu au mashine ya gemu ina redio ndogo, na simu hasa hubana nguvu ili kulinda betri yake. Ndiyo maana unaweza kuona vile vistari vya mtandao vimejaa kwenye simu na bado kitu hakifunguki: unaisikia ruta, yenyewe haikusikii. Nayo gemu ni mazungumzo ya kujibizana mara nyingi kwa kila sekunde. Kusikia tu hakutoshi.

Nguvu yenyewe pia ina hesabu ngumu. Hata mahali pa wazi kabisa, ukitaka kufika mara mbili ya umbali kwa nguvu ile ile ya usikivu, unahitaji kuongeza nguvu ya kurusha mara nne. Ukiweka ukuta, hesabu inaharibika zaidi. Aidha, sheria za nchi huweka kikomo. Barani Ulaya, kwa mfano, mawimbi ya gigahezi 2.4 yana kikomo cha miliwati 100. Kampuni zinazotengeneza ruta zinajua mipaka hiyo, kwa hiyo tofauti ya nguvu kati ya ruta ya bei ndogo na ile yenye sura ya buibui si kubwa kama bei zinavyoonyesha.

Na antena? Antena haiongezi nguvu. Inaikunja tu. Chukua donge la unga: ukiliacha ni duara, ukilisukuma linakuwa chapati, pana lakini nyembamba. Unga ni ule ule. Antena ndefu yenye namba kubwa husukuma mawimbi yaende mbali kwa usawa wake na kupungua juu na chini. Kwenye nyumba ya chini na uwanja mpana, hilo linasaidia, na niwe mkweli, antena ya namna hiyo husaidia hata kusikia kile kisauti cha dawati la mwisho. Kwenye nyumba ya ghorofa Bujumbura inaweza kumnyima mtu wa juu. Ama idadi ya antena, kwa kawaida inahusu njia ngapi za data zinaweza kwenda kwa pamoja. Simu nyingi zina antena mbili tu za waifai ndani yake. Nne zilizobaki kwenye ruta haziongei na mtu peke yake, ingawa huweza kusaidia kidogo usikivu.

Ruta nyingi za sasa zina mawimbi ya namna mbili. Ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi na hufika mbali, lakini yamejaa watu: yanatumiwa na vifaa vya bluututhi, jiko la maikrowevu huyavuruga, na katika chaneli zake zote ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, ambazo hazigongani. Ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa na hutulia, ila hufifia haraka akikutana nayo ukuta wa matofali. Bati ni baya kuliko ukuta, kwa sababu hurudisha mawimbi yalikotoka. Tangi la maji nalo huyameza.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wa Buyenzi na mitaa mingine iliyobanana wanapaswa kulisikia. Vifaa vya waifai husubiriana zamu. Kimoja kikisikia kingine kinaongea katika chaneli ile ile, hunyamaza kwanza. Sasa ukiweka mashine yenye masikio makali katikati ya nyumba arobaini, inawasikia majirani wote na inangoja zamu zao wote. Mtu wa Buyenzi mara nyingi atapata gemu iliyotulia zaidi kwa ruta ya kawaida ya gigahezi 5 iliyowekwa chumba kile kile, kwa sababu ukuta wake unamkinga na majirani. Masafa marefu yana maana kwa mtu wa kilimani au wa kando ya ziwa, mwenye uwanja mpana na majirani wachache.

Hata kwa huyo wa kilimani, kuna dawa bora, nayo ni ya bei ndogo: waya. Kebo ya kawaida ya mtandao hubeba data hadi mita 100 bila kupoteza kitu cha kutajwa. Kuta hazihusiki wala jirani hahusiki, na pingi ya hadi kwenye ruta hushuka chini ya milisekunde moja. Sisi tulivuta kebo kutoka sebuleni hadi chumba cha vijana, tukaichomeka moja kwa moja kwenye mashine ya gemu. Mwezi uliofuata tuliongeza ruta ndogo ya antena mbili mwisho wa kebo ile ile ili na simu zipate mawimbi huko uani. Ile kebo na ile ruta ndogo kwa pamoja hazikufika nusu ya bei ya yule buibui.

Ukifanya hivyo, iweke ile ruta ya pili katika hali inayoitwa aksesi pointi, ili igawe mawimbi tu na kuiachia ruta ya kwanza kazi ya kupanga anwani. Usipofanya hivyo utakuwa na milango miwili iliyofuatana, na mashine ya gemu itakuambia kwamba mtandao wako ni wa aina iliyofungwa. Mchezo unaweza kuanza, lakini sauti za wenzako zikagoma, au ukashindwa kualikwa kwenye mechi.

Kuhusu kebo, tahadhari. Sokoni kuna kebo za shaba tupu na kuna za alumini iliyopakwa shaba juu. Kwa macho zinafanana, na kasha la nje linaweza kuwa na maandishi yale yale. Chukua uzi mmoja wa ndani, ukwangue kwa wembe. Ukiwa mwekundu hadi ndani ni shaba. Ukitoa weupe ni alumini, ambayo hukatika ikikunjwa mara chache na hupoteza nguvu kwenye umbali mrefu. Boksi kamili la kebo huwa na mita 305, na la alumini ni jepesi mkononi kwa namna ambayo mchuuzi ataitambua akishalibeba la shaba mara moja.

Tahadhari ya pili ni radi. Ukanda wetu wa Maziwa Makuu ni kati ya sehemu zinazopigwa radi sana duniani. Kebo ya shaba inayotoka nyumba moja hadi nyingine ipitishe ndani ya bomba la plastiki ardhini, wala usiianike hewani kama kamba ya nguo, na mvua ya radi ikianza ichomoe pande zote mbili. Mwenye umbali wa mamia ya mita, tuseme kutoka nyumbani hadi dukani barabarani, asifikirie kebo ya shaba wala ruta ya sebuleni. Kwa kazi hiyo kuna redio mbili ndogo za nje zinazotazamana, kila moja imeelekezwa kwa mwenzake kama tochi. Zinahitaji kuonana bila mti wala jengo katikati.

Na vile visanduku vidogo vya kuchomeka ukutani, vinavyodaiwa kuongeza mawimbi? Kwa kusoma habari vinafaa. Kwa gemu sivipendi. Vingi hupokea na kurusha kwa redio ile ile, kwa hiyo kila ujumbe unasemwa mara mbili, na kasi hupungua kiasi cha nusu huku pingi ikiongezeka.

Sasa ugonjwa wa pili, ule wa video za mke wangu. Kila aliyechota maji kwenye pampu ya makazi anaujua. Mtoto amekuja na kikombe kimoja tu, lakini mbele yake kuna mtu mwenye madumu ishirini. Maji yapo na pampu inafanya kazi. Tatizo ni foleni. Gemu ndiyo kikombe: yenyewe hutumia data ndogo sana, mara nyingi makumi hadi mia chache za megabaiti kwa saa, wakati filamu ya ubora wa juu inaweza kumaliza gigabaiti 3 kwa saa hiyo hiyo. Video inapopakiwa, ruta huzipanga data zake kwenye foleni ndefu, na kikombe cha mtoto kinasubiri nyuma ya madumu. Ndipo mchezaji anabaki amesimama, halafu ghafla anaonekana golini.

Dawa yake ni ruta yenye uwezo wa kupanga foleni kwa haki. Kwenye maelezo huandikwa kwa herufi QoS, na zilizo bora zaidi huandikwa SQM. Ukiingia kwenye mipangilio, unaiambia ruta kasi halisi ya intaneti yako, ya kushusha na ya kupakia, kisha unaipunguza kidogo, iwe asilimia 85 au 90 ya uliyopima. Inashangaza, lakini ukijinyima hiyo asilimia kumi foleni inahamia ndani ya ruta yako, ambako wewe ndiye msimamizi, na kikombe kinapitishwa mbele. Kati ya ruta mbili za bei moja, moja yenye antena nne na kazi hiyo ya foleni, nyingine yenye antena nane bila hiyo, mimi ningechukua ya kwanza bila kufikiri mara mbili.

Kuna sehemu ya safari ndefu ambayo hakuna ruta inayoigusa. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Ni kasi kubwa, lakini ina maana kwamba kila kilometa 1,000 hugharimu milisekunde 10 kwenda na kurudi, hata kama hakuna foleni popote. Kutoka hapa hadi Johannesburg, ambako gemu kadhaa zina seva, ni kama kilometa 2,500 kwa mstari ulionyooka. Mkongo haunyooki. Burundi haina bahari, kwa hiyo data zetu hutoka kwanza kwa njia ya nchi jirani hadi pwani, zikakutane na nyaya za baharini kama SEACOM iliyofika mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010. Seva ikiwa Ulaya ni mbali zaidi. Tusilalamike sana hata hivyo: kabla ya nyaya hizo tulitegemea setilaiti zilizo kilometa 36,000 juu, na kwenda na kurudi tu kulichukua karibu nusu sekunde. Hakuna aliyeweza kudaka penalti namna hiyo.

Unachoweza kufanya ni kuchagua. Gemu nyingi zina sehemu ya kuchagua eneo la seva, au huonyesha pingi kabla ya kuanza. Mwambie kijana ajaribu lile la Afrika Kusini, kisha la Mashariki ya Kati, kisha la Ulaya, aandike namba kwenye daftari. Kwa hesabu ya darasani Afrika Kusini ingeshinda daima. Kwa kweli inategemea kampuni yako ya intaneti inapitishia wapi data zake, na wakati mwingine Ulaya hushinda.

Turudi kwenye kisanduku na namba zake. AC1200 haina maana ya kwamba utapata kasi ya 1,200. Ni jumla ya 300 ya mawimbi ya 2.4 na 867 ya mawimbi ya 5, ikaongezwa kidogo ili ipendeze, na mashine yako kwa kawaida hutumia mawimbi ya aina moja kwa wakati. AX1800 vile vile ni 574 na 1,201. Hizo zote ni kasi za maabara. Herufi AX, ambayo pia huitwa Wi-Fi 6, ndiyo ningeiangalia kama fedha zipo, si kwa sababu ya kasi bali kwa sababu inagawa zamu vizuri zaidi vifaa vikiwa vingi. Kuna Wi-Fi 7 iliyoanza kuthibitishwa mwaka 2024. Kwa laini zetu za nyumbani ni kununua basi la kupandia watu wawili. Tazama pia matundu ya waya nyuma. Ruta nyingi za bei ndogo zina matundu ya megabiti 100, nayo kwa gemu yanatosha kabisa, msikubali kutishwa.

Kwa wale wanaovuka mpaka kununua, kuna mambo ambayo sijaona mtu akiyaandika. Tanzania hutumia zaidi plagi ya miguu mitatu ya bapa, sisi hutumia ya miguu miwili ya mviringo. Kila ruta utakayoleta kutoka Kigoma au kutoka Dubai itahitaji adapta, na adapta mbovu iliyolegea ndiyo huzima ruta katikati ya mechi. Hesabu bei yake kabla hujapanga faida. Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani kuanzia mwaka 2007 hutuma zawadi, nazo zina hatari yake: soma kwenye kichwa cha chaja. Ikiwa imeandikwa 100-240V, chomeka. Ikiwa ni 120V tu, ukiichomeka hapa itaungua. Lakini usiitupe ruta, kwa sababu chaja ya 12V inapatikana sokoni, mradi ampea zake zisiwe chini ya zilizoandikwa kwenye ruta na ncha chanya iwe upande ule ule. Kwa sababu hiyo hiyo ya 12V, kuna vibetri vidogo vya akiba vinavyoifanya ruta iendelee umeme ukikatika. Kijana atabaki gizani, lakini wengine kwenye simu wataendelea.

Ruta za laini ya simu zinahitaji jicho kali zaidi. Zile zinazouzwa na kampuni za simu kwa bei ya chini mara nyingi zimefungwa kwa mtandao wa kampuni hiyo, na zikivuka mpaka hazina kazi. Ukienda kununua, beba laini yako ya Burundi. Hata kama mtandao wake haufiki pale dukani, ichomeke: ruta iliyofungwa itaikataa laini papo hapo, na iliyo huru itakaa ikitafuta mtandao. Soma pia orodha ya bendi zake na uilinganishe na za kampuni unayotumia huku, kwa maana ruta ya soko la Marekani inaweza kukosa bendi zetu. Kisha mfahamishe mteja kwamba kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kwa sababu hiyo baadhi ya gemu zitaona mtandao wake umefungwa hata ruta ikiwa mpya na nzuri. Mteja aliyeambiwa mapema harudi na hasira.

Mpakani, kumbuka kwamba ule utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni kwa bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Ruta iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Tanzania kwa kulala usiku mmoja Kigoma. Na anayetaka kuleta nyingi kwa pamoja aulize kwanza ARCT, wasimamizi wa mawasiliano, kuhusu kibali cha aina hiyo ya kifaa.

Shemeji yangu hakununua wale buibui. Safari iliyopita alivuka na maboksi mawili ya kebo ya shaba, vichwa vya kebo, koleo la kubania na ruta nne za antena mbili zenye kazi ya kupanga foleni. Anauza kebo kwa mita, na anakwenda mwenyewe kuivuta nyumbani kwa mteja. Boksi la kwanza liliisha kabla ruta ya tatu haijapata mnunuzi.